Habari za Dorkasi wa Lukozi na Neno Alilompelekea Sikio la Kushoto

Sogeeni, enyi mkaao Lukozi kwenye ukungu na ninyi mkaao Mnazi kwenye joto, wauza karoti na wavuna kabichi, wenye redio na msio na redio! Wekeni chini majembe, epueni maharage kama yameiva, na kama hayajaiva mmoja wenu ajitolee kuyaangalia, kwa maana inakuja habari ya safari na ya vita, habari ya ngome iliyozingirwa tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na ya mwanamke mmoja ambaye kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia alitenda jambo ambalo katika milima yote ya Usambara hakuna aliyewahi kulitenda, si mtemi, si mkoloni, wala si mkuu wa wilaya.

Nawe, ewe Sauti upitaye chini ya maneno, usiyeonekana kwenye picha ilhali bila wewe picha ni watu wanaofumbua na kufumba vinywa tu, njoo ukae karibu nami, nisipunguze kitu katika habari hii wala nisiongeze, isipokuwa pale panapohitaji.

Mwaka ulikuwa wa elfu mbili na tano. Zilikuwa zama za ruhusa. Kilichokuwa kimekatazwa kiliuzwa, na kilichokuwa hakijulikani kilipangwa barabarani juu ya turubai. Mitumba ilipanda milima kwa malori, redio za watu binafsi zilibishana usiku kucha, na kila aliyejaliwa televisheni na deki alipanga mabenchi ndani ya banda la mabati, akaliita banda lake sinema. Pale Lukozi banda hilo lilikuwa la Selemani. Naye Selemani hakuridhika kuwaonyesha watu picha za Kihindi. Aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akatafsiri kila neno, na pale ambapo hapakuwa na neno alitafsiri ukimya.

Katika benchi la nyuma la banda hilo, kila Jumamosi mchana, aliketi Dorkasi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye robo tatu za eka ya kabichi mteremkoni, na kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyepiga kinanda cha kukanyaga katika usharika wao wa Kilutheri. Watu walimwita Mama Fanueli, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Tena alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wengi: picha ilipoanza, alifumba macho.

"Mama Fanueli, umelala?" aliyeketi jirani alikuwa akimwuliza.

"Silali. Natazama."

Hata ikawa Jumamosi moja, wakionyeshwa picha ya mama aliyefiwa na mwanawe askari, wakafika pale mama yule anapofungua sanduku, akatoa shati la marehemu, akalikunja polepole pasipo kusema lolote. Selemani, ambaye ukimya ulimtisha kuliko radi, akanguruma katika kipaza sauti: "Hapa jamani anakunja shati! Shati linakunjwa!"

Ndipo Dorkasi alipofumbua macho, akasimama, akanena mbele ya mkutano wote:

"Ewe Selemani, mwana wa watu wema! Anakunja shati, tumeona, na aliye nje ya banda ameona kupitia matundu ya bati. Lakini chini ya shati hilo kuna mtu anapiga zeze tangu sanduku lilipofunguliwa, anatueleza jambo ambalo mama yule hawezi kulisema, nawe umemkanyaga. Nakuomba, mwanangu, unyamaze kwa muda wa shati moja tu."

Banda likavunjika kwa kicheko. Mabenchi yalitikisika. Na tangu siku ile, kisimani, gulioni na hata kwenye ngazi za kanisa, aliitwa Dorkasi Atazamaye-kwa-Masikio. Alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa. Lakini jioni ile, akiwa peke yake anamenya viazi, alijiuliza kama kweli zeze lile lilikuwapo. Watu sitini walikuwa ndani ya banda, na hakuna hata mmoja aliyelisikia. Mtu akisikia peke yake kitu wasichokisikia watu sitini, huenda akaanza kuyaogopa masikio yake. Dorkasi aliyaogopa kwa majuma mawili. Jumapili kanisani akajikuta anapiga kinanda polepole, kama anayejaribu daraja kwa mguu kabla ya kulikanyaga.

Sasa sikilizeni jinsi msaada ulivyokuja ukiwa umefungia maandazi.

Jirani yake, Mwanaidi, mwuza karoti mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa haraka zaidi, alirudi kutoka Lushoto siku ya gulio, akamletea maandazi manne yaliyofungwa katika karatasi iliyolowa mafuta. Dorkasi alikula moja, akaikunjua karatasi ili ale la pili, macho yake yakaangukia maandishi. Lile andazi la pili halikuliwa mpaka lilipokauka.

Kwa maana karatasi ile, yenye kichwa Nyuma ya Picha, ilikuwa na habari ya picha ileile ya shati. Aliyeiandika hakutaja jina lake. Alijiita Sikio la Kushoto, akaeleza kwamba la kulia lilikufa utotoni kwa surua, hivyo limebaki moja na analitumia kwa uangalifu. Hakuandika kuhusu waigizaji wala mavazi. Aliandika kuhusu muziki peke yake, muziki ule wa chini usio na mwimbaji. Na katikati ya doa la mafuta palisomeka hivi: "Sanduku linapofunguliwa, zeze linaanza kwa nota tatu, halafu linasita kabla ya nota ya nne, kama mtu aliyefika mlangoni akakosa moyo wa kubisha hodi."

Dorkasi aliketi juu ya gunia la kabichi, akasoma mara tatu. Kisha akaimba nota zile tatu kwa sauti ndogo, akasita, akaimba ya nne. Machozi yakamtoka. Mwanaidi alidhani ni taarifa ya msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mwanaidi. Nimepona. Haya maandazi yametoka wapi?"

Yalikuwa yametoka kwa mama mmoja wa stendi, ambaye karatasi zake za kufungia hutoka kwa Mbaraka, mwenye duka la intaneti pale Lushoto, zile zilizochapwa zikakosewa. Kuanzia hapo, kila siku ya gulio Mwanaidi alipita kwa Mbaraka na kijikaratasi alichoandikiwa na Dorkasi, "Nyuma ya Picha, Sikio la Kushoto, iliyo mpya", akarudi na ukurasa safi usio na mafuta. Zikafika kurasa kumi. Dorkasi alizihifadhi katika mkoba wa nota za kwaya, na Jumamosi aliketi tena benchi la nyuma akiwa amejua mapema ni wapi pa kufumba macho. Kicheko cha banda hakikumuuma tena. Alikuwa na mwenzake, ingawa mwenzake hakujua.

Ndipo, Jumatano moja yenye mvua, ukaja ukurasa wa kumi na moja.

"Nimeandika kwa miaka miwili," Sikio la Kushoto alisema humo. "Chini ya kila ukurasa pana nafasi ya msomaji kuacha maoni, na chini ya kila ukurasa pameandikwa Maoni sifuri. Sina kinyongo na mtu. Ila aongeaye katika chumba kitupu mwishowe huona haya kwa sauti yake mwenyewe. Ijumaa hii jioni naufunga ukurasa huu. Kwa aliyepita hapa kwa bahati mbaya, kwaheri."

Dorkasi aliikunja karatasi mara nne, kama shati.

"Kesho nakwenda Lushoto," akasema.

Mwanaidi akaweka chini ndoo aliyoibeba, akanena kwa kirefu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kunena kwa kirefu: "Mama Fanueli, mwanamke wa kabichi na kinanda, hebu tulia. Wewe kompyuta umeiona wapi? Umeiona hospitali, kupitia dirishani, tena siku ile ulikuwa na homa. Kule kuna mambo ya nywila na mambo ya panya. Kuna vijana wenye digrii wanatoka pale wameshika vichwa. Nawe unataka uingie kwa kidole gani?"

"Kwa hiki," Dorkasi akajibu, akiinua kidole cha shahada. "Kinanda kina vitufe, nayo ina vitufe. Mtu huyu alinirudishia masikio yangu, Mwanaidi, na hajui. Akifunga Ijumaa bila kujua, mimi nitakuwa nimekula chakula cha mtu nikaondoka bila kusema ahsante. Hiyo siiwezi."

Mwanaidi akaichukua tena ndoo yake. "Basi twende wote," akasema. "Huko kunataka mtu wa kusukumana."

Alfajiri ya Alhamisi wakapanda lori la kabichi, juu kabisa, juu ya magunia, na Dorkasi alikuwa amevaa kitenge cha kwaya na viatu vya Pasaka. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva aliendesha kwa kukumbuka. Walipita msitu wa Magamba wakiinama chini ya matawi yaliyodondosha maji shingoni, na katika kila kona kabichi moja au mbili zilijitoa kundini zikabingirika bondeni. Dorkasi hakuyaona hayo. Aliitunga barua kichwani tangu Lukozi mpaka sokoni, na kila kona iliongeza sentensi.

Dereva akawashusha, akatoa tangazo lake: "Saa tisa kamili naondoka. Singoji mtu hata awe mama mkwe wangu."

Ngome ya Mbaraka zamani ilikuwa duka la viatu. Mbaraka mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu na macho mekundu, alitoka nyuma ya meza.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Tunataka kompyuta."

Kompyuta zilikuwa nne, nami nitazitaja zote, kwa kuwa haki ya majeshi ni kutajwa. Ya kwanza ilikuwa marehemu, na juu yake palikuwa na ua la plastiki. Ya pili ilikuwa marehemu pia, ila bado haijawekewa ua. Ya tatu ilikuwa hai, lakini kitufe chake cha herufi A kilikuwa kimekufa. Ya nne ilikuwa nzima, yenye afya, herufi zake zote ishirini na ngapi sijui zikiitika, na mbele yake, mgongo ukiwa wima kama nguzo ya bendera, aliketi Mwalimu Rashidi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewahi kumfundisha Mwanaidi darasa la nne na kumchapa kwa kuandika "kwa hiyo" kama neno moja.

Walimwamkia kwa heshima yote. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Niko katika utafiti."

Utafiti wa mzee haukatizwi. Dorkasi akaketi mbele ya kompyuta ya tatu, Mbaraka akamfungulia ukurasa, naye akainyosha silaha yake, kile kidole, akaanza. Neno "Ndugu" lilipita salama, akafurahi mno. "Sikio" nalo likapita. Kisha mambo yakaharibika. Mwanaidi, aliyesimama nyuma yake, akasoma kwa sauti:

"Ndugu Sikio l Kushoto. Mimi ni mkulim w kbichi." Akainama karibu na kioo. "Kbichi. Atadhani ni ugonjwa."

Dorkasi akajaribu kutafuta maneno yasiyo na A. Alifikiri mpaka jasho likamtoka. Yapo machache, nayo ni mazuri, kama vile "pepo" na "ng'ombe" na "mbilimbi", lakini hayakumsaidia katika shughuli yake. Na lile neno hasa alilolifuata toka Lukozi, neno la shukrani, lilikuwa na A mwanzo na A katikati.

Hapo ndipo Mwanaidi alipozunguka kimya kimya, kwa mwendo wa mtu anayetazama kalenda ukutani, mpaka akafika nyuma ya bega la Mwalimu Rashidi. Akatazama utafiti. Akautazama kwa makini. Kisha, kwa sauti ya upole, akasema:

"Mwalimu, hiyo saba nyekundu si iende juu ya ile nane nyeusi?"

Shingo ya Mwalimu ikageuka rangi. Alibonyeza kitu, karata zikatoweka, akasimama, akanyosha koti lake, akanena:

"Mwanaidi, ulikuwa mwanafunzi mkorofi na umekuwa mtu mzima mkorofi. Ijulikane kwamba siondoki kwa kushindwa. Naondoka kwa sababu nilikuwa karibu kumaliza, na kwa sababu mama huyu ameandika 'mkulim', jambo ambalo mtu aliyeitumikia serikali kwa miaka thelathini na nne hawezi kuliona akaendelea kukaa. Mama, karibu kiti."

Kwa hiyo ngome ya nje ikaanguka. Lakini ndani kulikuwa na lango jingine, nalo lilikuwa fomu. Fomu ilitaka jina. Jina alikuwa nalo. Ilitaka baruapepe.

"Hana," Mwanaidi akaiambia kompyuta.

"Tutamfungulia," Mbaraka akasema, akavuta kigoda. Akaandika jina la Dorkasi, mashine ikafikiri, ikajibu kwamba jina hilo limeshachukuliwa na mwingine.

"Na nani?" Dorkasi akauliza kwa mshtuko. "Dorkasi yupi?"

"Hatuwezi kujua, mama. Yuko popote duniani."

"Basi aandikwe huyu kuwa Dorkasi wa Lukozi," Mwanaidi akaamua, "maana huko sidhani kama yupo mwingine." Nalo jina hilo lilikuwa huru, likimngoja yeye tangu kuumbwa kwa intaneti.

"Sasa nywila," Mbaraka akasema. "Neno la siri, mama, ambalo hutalisahau wala mwingine hawezi kulijua."

"Kinanda," Mwanaidi akasema papo hapo.

"Mwanaidi!"

"Fanueli, basi. Au Kabichi."

Wakamtuma nje akanunue karanga, na alipokuwa nje Dorkasi akaliandika neno lake, ambalo hata mwandishi wa habari hizi hakuambiwa.

Saa tano na robo akaanza barua. Loo, ilikuwa barua gani! Alianza na kuzaliwa kwake, akaja kwenye mmishonari aliyemfundisha kinanda, akaeleza aina za kabichi, akasimulia banda la Selemani na kicheko cha watu sitini, akaifikia karatasi ya maandazi kwa sentensi ambayo Mwalimu Rashidi, aliyekuwa amevuta kiti akae karibu kwa ajili ya sarufi tu, aliisoma, akatikisa kichwa, akasema, "Hicho ni Kiswahili hasa." Kidole kilipanda na kushuka kama kuku adonoaye mtama. Ilipofika saa saba ilikuwa mistari hamsini na miwili, na kilichobaki ni ahsante.

Umeme ukakatika.

Hapakuwa na radi wala onyo. Kioo kilizimika kwa mlio mdogo, kama mtu aliyepuliza mshumaa, na mji wote wa Lushoto ukasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Itakuwapo ikirudi?" Dorkasi akauliza.

Mbaraka alitazama sakafu. "Hapana, mama. Inapotea."

"Inakwenda wapi?"

Dorkasi aliketi mbele ya kioo cheusi, akajiona humo, mwanamke mwenye kilemba cha kwaya na mabega yaliyoshuka. Kwa mara ya kwanza tangu Lukozi aliona aibu. Alijiuliza ni nani aliyemtuma, na mwandishi yule ana haja gani na umri wa mkulima na aina za kabichi zake. Mwanaidi akamwekea karanga kiganjani bila kusema neno, na kwa Mwanaidi hilo lilikuwa tendo kubwa. Wakakaa hivyo, watatu na mwalimu, wakitafuna. Nje malori yalianza kupakia. Ikapita saa nzima, na nusu yake.

Saa nane na nusu umeme ukarudi. Kompyuta ikaamka kwa uvivu, na Mbaraka akaiunganisha na waya wa simu, nao waya ukaanza kelele zake, mlio na mkwaruzo na kilio kirefu. Dorkasi akainua kichwa, akafumba macho.

"Huyu anaimba vibaya," akasema, "lakini anaimba kwa moyo."

"Mama, kuna jambo," Mbaraka akasema. "Simu hii ndiyo hiyohiyo ya nyumbani kwangu, hapo uani. Mtu akiinua mkono wa simu, sisi huku tunakatika. Na saa hii mke wangu humpigia dada yake wa Korogwe."

Mwanaidi hakungoja amalize. Alipita mlango wa nyuma, akamkuta Husna, mke wa Mbaraka, akiwa ameshanyosha mkono, akaketi katika kiti cha simu, simu ikawa nyuma ya mgongo wake.

"Onga mshi, mdogo wangu," akamsalimu kwa Kisambaa. "Nisamehe, nimeingia kama mwizi. Mimi ni Mwanaidi wa Lukozi, na kiti hiki sitakiachia kwa dakika ishirini. Wewe na dada yako mmeongea jana, na Mungu akipenda mtaongea kesho. Ila kuna mtu huko mbali ambaye leo akikatika, kesho hayupo."

Husna akashika kifua. "Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni mtu anayedhani hakuna anayemsikia."

Husna alifikiri juu ya hilo. Kisha akavuta mkeka, akaketi chini kando yake, akamwuliza kama atakunywa chai.

Na kule mbele, Dorkasi, mwenye nusu saa tu kabla ya lori, alikitazama kile kisanduku cheupe cha maoni. Mistari hamsini na miwili ilikuwa imekwenda mahali ambapo mistari huenda. Hakuilaani. Alikikunja na kukikunjua kidole mara mbili, kama afanyavyo kabla ya wimbo wa kwanza wa ibada, akaandika:

"Ndugu Sikio la Kushoto. Mimi ni mkulima wa kabichi, Lukozi, juu ya Lushoto. Kurasa zako kumi na moja ninazo zote. Nilidhani ninasikia peke yangu. Tafadhali usifunge. Ahsante. Dorkasi."

Mwalimu Rashidi alisoma kutoka juu mpaka chini akitafuta kosa. Akarudia. Akavua miwani. "Ipeleke," akasema.

Dorkasi akabonyeza Tuma.

Kioo kikawa cheupe. Chini yake kistari kidogo cha buluu kikaanza kutambaa kama kiwavi apandaye mti mrefu. Kikafika robo, kikapumzika. Nje lori likapiga honi ya kwanza. Kikafika nusu. Wateja wawili waliokuja kupiga picha za pasipoti wakasimama nyuma wakiuliza ni matokeo ya mtihani gani. Honi ya pili. Kikafika robo tatu, kikasimama kabisa, na Dorkasi akaweka kiganja juu ya meza, kwa wepesi, kama atulizaye mtoto. Kiwavi akaenda.

Ukurasa ukafunguka. Na pale chini, mahali ambapo kwa miaka miwili palikuwa na sifuri, pakasimama moja, nyembamba na wima, na chini yake jina la Dorkasi wa Lukozi, tarehe na saa.

Mbaraka akapiga kelele. Waliotaka pasipoti wakapiga makofi bila kujua kwa nini. Mwalimu Rashidi, aliyeona bendera tatu zikipandishwa na kushushwa katika maisha yake, alisimama wima. Mwanaidi akatoka uani na kikombe cha chai mkononi, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka sokoni, ambako dereva wa lori alidhani kuna harusi, akangoja dakika kumi, yeye ambaye asingemngoja mama mkwe wake.

Dorkasi hakupiga kelele. Aliliangalia jina lake, akafuta vumbi juu ya kioo kwa ncha ya kitenge, akasema, "Sasa anajua." Kisha akakimbia na viatu vya Pasaka.

Hebu sasa sikieni yaliyofuata. Kabla lori halijafika Magamba, Mwalimu Rashidi alikuwa ameketi tena mbele ya kompyuta ya nne, akaandika maoni ya pili: "Naunga mkono hoja ya aliyetangulia. Rashidi, mwalimu mkuu mstaafu." Ijumaa asubuhi Mbaraka akaandika la tatu. Adhuhuri likatokea la nne, kutoka Tabora, kwa mtu aliyesema amesoma mwaka mzima na hakuthubutu, akidhani hapo huandika wasomi tu, hata alipoona mkulima wa kabichi ameandika. La tano lilitoka Mwanza. Mpaka jioni yalikuwa manane. Na chini ya yote, saa kumi na mbili kasoro, yalikuwapo maneno ya mwenyewe: "Nimewaona. Sifungi. Mama wa Lukozi, nimesoma maneno yako mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema."

Na iandikwe basi, katika kumbukumbu za milima hii, pamoja na mwaka wa nzige na mwaka barabara ya Mombo ilipotiwa lami, kwamba siku ya Alhamisi, saa nane na dakika hamsini na tatu alasiri, katika duka lililokuwa la viatu, Dorkasi Atazamaye-kwa-Masikio alisema ahsante, na ikafika. Wapo waliojenga ngome zikabomoka, na wapo waliopigana vita ambavyo leo hata wajukuu wao hawajui vilihusu nini. Yeye alipigana na fomu, na waya wa simu, na umeme, na ukosefu wa A, na mtu mmoja asiyemjua akaendelea kuandika.

Siku ya gulio iliyofuata Mwanaidi alipanda mlima akikimbia, na ukurasa wa kumi na mbili mkononi, mpya, wa moto kutoka kwenye mashine. Dorkasi alifuta mikono, akaketi, akausoma kwa furaha tangu mstari wa kwanza hata wa tisa. Penye mstari wa kumi, uliosifu ngoma ya picha aliyoisikiliza kwa Selemani, alikunja uso. Akarudi nyuma, akasoma tena. Akafumba macho, akasikiliza kitu kwa muda mrefu.

"Mwanaidi," akasema, "hapa amekosea. Hii si ngoma, ni mtu anagonga meza. Lori linaondoka saa ngapi?"